Njia Ipi ya Kulinda Mto, Msitu na Mahali Patakatifu? Ulinganisho kwa Jamii za Magharibi mwa Kenya

Jamii ya magharibi mwa Kenya inayotaka kuulinda mto, msitu, kilima au jiwe la matambiko dhidi ya wachafuzi na wanyakuzi ina njia nne za kisheria mbele yake. Ya kwanza, inayovuta macho ya wengi kwa sababu ya habari za New Zealand, Colombia na sasa jirani zetu wa Uganda, ni kudai kwamba kitu hicho kitambuliwe kuwa na nafsi ya kisheria, yaani kiwe na haki zake chenyewe na kiweze kufika mahakamani kupitia walezi wake. Ya pili ni kufungua shauri kwa Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010, kinachomruhusu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea mazingira. Ya tatu ni kusajili mahali hapo kuwa ardhi ya jamii au, ikiwa ni msitu wa serikali, kuingia katika mkataba wa kuusimamia pamoja. Ya nne ni kuomba patangazwe kuwa urithi wa taifa. Nawaandikia watu wanaopaswa kuchagua, kwa hiyo sitaficha ninakoegemea: kila njia naipima kwanza kwa kuuliza ni nani atakayekisemea kitu kile, kwa mamlaka gani, na nani atamwajibisha akinyamaza au akinunuliwa.

Mizizi tuliyo nayo

Yafaa tuanze na kile ambacho wenyeji wanacho tayari, kwa maana nchi zilizopiga hatua katika jambo hili zilianzia hapo hapo. Mluo akizama ziwani na mwili wake usipatikane, jamaa zake hutafuta tunda la yago, lile zito la rangi ya kijivu linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu, wakalizika kaburini mahali pa marehemu. Tunda la mti hupewa heshima ya mwisho anayostahili mwanadamu, na hakuna mzee wa kijiji anayeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Kwa Wabukusu, mti wa kumurembe huapiwa, na mwenye kuapa uongo mbele yake hutarajia kufa. Misitu midogo ya jandoni ya Watiriki huko Hamisi imebaki imesimama katika eneo ambalo watu wamesongamana na karibu kila kipande cha ardhi kinalimwa, kwa sababu aliyefikiria kuukata mti humo alijua kwamba angejibu mbele ya wazee kabla hajafikishwa kwa chifu. Ukoo wa Nganyi huko Bunyore umetabiri mvua kwa vizazi vingi kwa kutazama miti, ndege na wadudu wa msitu wake mtakatifu, na wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wameketi nao ili kulinganisha utabiri wa ukoo na ule wa mitambo. Chatu Omieri wa Nyakach, aliyeaminika kuja na mvua na mavuno, alipoungua kwa moto wa nyasi mwaka 1987 alipelekwa Nairobi kutibiwa, na habari za ugonjwa wake na kifo chake zilifuatiliwa nchi nzima.

Mifano hii inaonyesha jambo ambalo wapigania haki za mazingira hulipita haraka mno. Mila zetu hazikuanza kwa kuupa mti haki. Zilianza kwa kumpa mtu wajibu na kumwekea miiko, zikaweka na adhabu. Tena kila wajibu una mwenyewe, nao hauelei hewani. Kit Mikayi, majabali yaliyopandana kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, ni mahali pa Waluo wa Seme. Msitu wa Nganyi ni wa Wanganyi. Mtu wa kutoka kwingine anaweza kwenda kusali Kit Mikayi, na wengi huenda, wakiwemo waumini wa Legio Maria, lakini si yeye atakayeulizwa jiwe likiharibiwa. Sheria yoyote inayotaka kudumu huku itabidi imjue huyo atakayeulizwa.

Kuna jambo la pili, nalo linauma zaidi. Katika baadhi ya mahali hapa wanawake hawaruhusiwi kukanyaga, ilhali wao ndio wanaochota maji, wanaookota kuni na wanaojua mapema kuliko yeyote kwamba kisima kimeanza kunuka. Kifungu cha 2(4) cha Katiba kinabatilisha mila inayokinzana na Katiba, na Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kijinsia. Kwa hiyo baraza la walezi lenye wanaume watupu, hata likiwa na baraka za ukoo mzima, lina ufa tangu siku ya kwanza, na wakili wa mchafuzi hatakawia kuuona.

Nafsi ya kisheria: imetenda nini ilikojaribiwa

Wazo lenyewe si geni kwa sheria ya Kenya kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 260 cha Katiba kinapofafanua nani ni mtu, kinajumuisha kampuni, chama na mkusanyiko wowote wa watu, uwe umesajiliwa au haukusajiliwa. Chama cha akiba na mikopo hakina damu wala pumzi, lakini hushtaki, hushtakiwa na humiliki shamba. Mahakama za India, tangu enzi za ukoloni, zimekubali kwamba sanamu ya mungu wa Kihindu ni mtu kisheria mwenye mali yake, na mwaka 1925 Baraza la Rufani la Uingereza lilithibitisha hivyo. Linalobaki kwetu ni kuamua kama mto au msitu uingie katika orodha hiyo, na uingie kwa mlango gani.

New Zealand ndiyo inayotajwa zaidi, na inastahili kusomwa kwa makini kwa sababu kilichotokea huko hakikuwa mradi wa mazingira. Wamaori wa mto Whanganui walikuwa wakiudai mto wao tangu mwaka 1873, wakipeleka maombi bungeni na kesi mahakamani kizazi baada ya kizazi, kwa msingi kwamba mto ni babu yao. Usemi wao ni kwamba mimi ndimi mto, na mto ndio mimi. Serikali haikutaka kuwapa umiliki, nao hawakuwa tayari kukubali kwamba mto ni mali ya serikali. Sheria ya Machi 2017 ilitatua mgogoro huo kwa kuutangaza mto wote, kuanzia milimani hadi baharini, kuwa kitu kimoja kilicho hai chenye haki, mamlaka na dhima za mtu kisheria, na umiliki wa sehemu ya kitanda cha mto uliokuwa mikononi mwa serikali ukahamishiwa kwa mto wenyewe. Walezi ni wawili, mmoja akipendekezwa na jamii za mto na mwingine na serikali, nao wanafanya kazi kama sauti moja. Zaidi ya hayo serikali ililipa dola milioni 80 za nchi hiyo kama fidia kwa jamii, na ikatenga dola milioni 30 nyingine kwa mfuko wa afya ya mto.

Naomba msomaji asiipite hiyo milioni 30 haraka. Mlezi asiye na fedha za kumlipa mpimaji wa maji, wakili na msafiri wa kwenda kuangalia mto mwezi baada ya mwezi ni mlezi wa jina tu. Pia tusisahau ambacho sheria ile haikufanya: haikuyafanya maji yawe mali ya yeyote, haikufuta haki za watu binafsi zilizokuwepo, na maji yanayochepushwa kwenye vyanzo vya mto kwa ajili ya umeme yaliendelea kuchepushwa. Wakazi wa bonde la Sondu-Miriu, ambako maji ya mto huzalisha umeme, wasitarajie kwamba kuutambua mto kisheria kungefungulia maji kesho yake.

Colombia ilifika kwa njia nyingine. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliutambua mto Atrato kuwa na haki, katika kesi iliyoletwa na jamii za watu weusi na wenyeji asilia ambao mto wao uliharibiwa na uchimbaji haramu wa dhahabu na zebaki. Mahakama ilishikanisha haki za mto na haki za watu waliouishi mto huo kwa utamaduni wao, ikaamuru serikali na jamii ziteue walezi kwa pamoja. Anayezijua Ikolomani, Migori au Siaya hahitaji kuelezwa kwa nini kesi hii inatuhusu: wachimbaji wadogo wanasaga mawe yenye dhahabu, wanaikamata kwa zebaki kwa mikono mitupu, na maji ya beseni yanamwagwa panapoteremkia kijitoni. Hata hivyo hukumu ya Atrato haikuwaondoa wachimbaji haramu mtoni, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na watu wenye silaha na watoto wenye njaa, mambo ambayo amri ya mahakama haiyafikii peke yake.

Ecuador iliandika haki za Pachamama, mama dunia wa watu wa Andes, katika katiba yake ya 2008. Mwaka 2011 mahakama ya mkoa wa Loja iliamua kwamba mto Vilcabamba ulidhulumiwa pale vifusi vya upanuzi wa barabara vilipotupwa ndani yake, ingawa utekelezaji ulisuasua. Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliulinda msitu wa Los Cedros dhidi ya vibali vya uchimbaji madini, na huo ndio ushindi ulio wazi kuliko wote niujuao katika njia hii. Ulipatikana kwa sababu haki zilikuwa ndani ya katiba yenyewe na majaji walikuwa wamekwisha kuzizoea.

Sasa tuje kwenye yaliyoshindikana, maana hayo ndiyo yanayofanana zaidi na hali yetu. Tarehe 20 Machi 2017 Mahakama Kuu ya Uttarakhand nchini India ilitangaza Ganga na Yamuna kuwa watu kisheria na ikawateua maofisa wa serikali kuwa walezi. Julai ya mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilisimamisha utekelezaji. Jimbo lenyewe ndilo lililokata rufani, likiuliza maswali mawili: mito hii inapita katika majimbo mengine, je, mlezi wa jimbo moja atawaamuru wengine? Na mto ukifurika na kuua watu, je, waathiriwa watamdai mlezi fidia? Maswali haya yangeulizwa Ahero na Budalangi kabla ya mkutano kumalizika. Nyando huanzia kwenye milima ya Nandi na Tinderet, ikashuka hadi uwanda wa Kano na kumwaga maji kwenye ghuba ya Winam; Nzoia huteremka kutoka Elgon na Cherangani hadi Busia. Kila moja inapita kaunti kadhaa, na zote mbili hufurika. Mto wenye haki na dhima bila mfuko wa kulipia dhima hizo utawaacha walezi wake, pengine mama wa kikundi cha fuo na mwalimu mstaafu, mbele ya madai ambayo hawakuyafikiria. Hali ya Nakuru inatatiza vivyo hivyo kwa upande mwingine: ziwa limepanuka sana tangu takriban mwaka 2010 na kufunika mashamba na nyumba za watu. Tukisema ziwa lina haki ya kutawanyika lilivyopenda, lazima katika sentensi iyo hiyo tuseme wenye mashamba yale watahamia wapi na kwa fedha za nani.

Mji wa Toledo huko Marekani unatupa onyo jingine. Februari 2019 wapigakura wake walipitisha sheria ya haki za Ziwa Erie baada ya maji yao ya mfereji kuchafuliwa na mwani wa sumu. Februari 2020 jaji wa serikali kuu aliifuta, akisema ilikuwa na maneno mapana yasiyoeleweka na ilivuka mipaka ya mamlaka ya mji. Kaunti ya Kenya ikitunga sheria ya namna hiyo juu ya mto itakutana na kikwazo kile kile, kwa kuwa Kifungu cha 62 kinaweka mito, maziwa na vyanzo vingine vya maji katika ardhi ya umma chini ya serikali ya kitaifa. Mlango wa kweli wa nafsi ya kisheria nchini mwetu ni sheria ya Bunge, au hukumu ya mahakama ya juu inayoifasiri Katiba kwa namna mpya. Kubadilisha Katiba kwa mpango wa wananchi kunahitaji saini za wapigakura milioni moja.

Uganda imeupita mlango huo. Sheria yake ya Taifa ya Mazingira ya 2019, katika kifungu cha 4, inasema maumbile yana haki ya kuwepo, kudumu na kujihuisha, na inampa mtu uwezo wa kwenda mahakamani haki hizo zinapovunjwa. Lakini imemwachia waziri kazi ya kuainisha kwa kanuni maeneo ambayo haki hizo zitahusu, kwa hiyo nguvu yake inategemea kalamu ya waziri. Kinachonipa moyo zaidi huko ni Buliisa, wilaya ya mafuta kando ya Ziwa Albert, ambako koo za Wabagungu ziliandika sheria zao za kimila kuhusu mahali patakatifu na baraza la wilaya likazitambua. Hapo walezi walikuwepo kwanza, sheria ikawafuata.

Kifungu cha 70: njia iliyo wazi leo

Ukiwa na bomba linalomwaga taka mtoni wiki hii, usingoje mto upewe nafsi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani, na aya yake ya tatu inasema mlalamikaji halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara au madhara. Hilo ndilo jambo ambalo katika nchi nyingi ndilo lililowafanya watu kutafuta nafsi ya kisheria kwanza: mwaka 1972, profesa wa sheria Christopher Stone wa Marekani alitetea haki za miti kwa sababu mahakama za huko zilikuwa zikiwafukuza walalamikaji wasioweza kuonyesha jeraha lao wenyewe. Kenya imekwisha kuvuka kizingiti hicho. Tena kanuni zilizotolewa mwaka 2013 na Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, zinairuhusu mahakama kupokea hata barua au maelezo ya mdomo yanayoonyesha haki imevunjwa, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina vituo Kisumu, Kakamega na Nakuru.

Udhaifu wake ni wa aina nyingine. Shauri hushika tukio moja na mchafuzi mmoja, na hukumu ikishatolewa hakuna mtu aliyekabidhiwa mto kuulinda kesho. Muda nao ni mrefu. Wakazi wa Owino Uhuru huko Mombasa, waliodhurika kwa sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walifungua kesi mwaka 2016, wakashinda mwaka 2020 na kupewa shilingi bilioni 1.3 pamoja na amri ya kusafisha udongo na maji, wakapoteza kwenye Mahakama ya Rufani mwaka 2023, na ni Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu iliporejesha ushindi wao. Watoto waliokuwa darasa la kwanza kesi ilipoanza walikuwa wameingia sekondari. Nawaheshimu sana watu wale kwa kutokata tamaa, na ninamwomba kila anayeichagua njia hii ahesabu tangu mwanzo ni nani atakayekuwa bado anahudhuria mahakama mwaka wa nane.

Kulinganisha na nafsi ya kisheria, basi, Kifungu cha 70 kinashinda kwa haraka ya kuanza na kwa kutohitaji Bunge. Kinashindwa pale ambapo uharibifu ni wa polepole na wa wengi, kama udongo wa mashamba yote ya mlimani unaoteremshwa na mvua hadi ziwani, ambapo hakuna wa kushtakiwa peke yake.

Ardhi ya jamii na mkataba wa msitu

Kwa kilima, jiwe au kichaka cha matambiko, hii ndiyo njia ninayoipendelea. Kifungu cha 63 kinataja waziwazi kwamba ardhi inayoshikiliwa au kutumiwa na jamii kama msitu wa jamii, malisho au mahali pa matambiko ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawataka wanajamii wajisajili, wawe na mkutano mkuu, wachague kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15, na ardhi isiuzwe bila idhini ya theluthi mbili ya wanachama. Tazameni jinsi muundo huo unavyokaribiana na ule wa walezi wa Whanganui: kuna kundi lenye jina, lenye wajibu, linaloweza kushtaki na kuulizwa. Kanuni za kamati ndipo mahali pa kuandika miiko, kwamba mti fulani haukatwi, kwamba chemchemi fulani haiogelewi, kwamba wanawake wana viti vyao na sauti yao, na kwamba anayevunja atalipa kiasi fulani. Mila iliyokuwa ikitegemea kumbukumbu ya wazee inapata daftari.

Kasoro yake ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Nyanza na Magharibi iligawanywa zamani kwa hatimiliki za watu binafsi, na mara nyingi mahali pa matambiko pamejikuta ndani ya shamba la familia moja. Hapo lazima mazungumzo na mwenye hati yatangulie, na mara nyingine ununuzi. Mito nayo haiingii kabisa, kwa sababu ya Kifungu cha 62.

Msitu wa serikali, kama Kakamega au Mau, unahitaji mkondo mwingine: chama cha jamii cha misitu kilichosajiliwa kinaweza kuingia mkataba wa usimamizi na Shirika la Misitu kwa mujibu wa sheria ya misitu ya 2016. Mkataba hutoa matumizi, hautoi umiliki. Waogiek wa Mau hawakuridhika na hilo, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliwaunga mkono: Mei 2017 iliamua kwamba kuwafukuza msituni kulivunja haki zao, zikiwemo za dini na utamaduni, kwa kuwa ibada zao hazitenganishwi na msitu ule, na Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Hata hivyo Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zikifukuzwa tena. Kwa upande wa mizizi ya kitamaduni, hukumu ya 2017 ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ambazo wakili wa magharibi mwa Kenya anaweza kuishika mkononi, hata kama mteja wake si Mogiek, na anayetaka kudai nafsi ya kisheria ya msitu siku za usoni aanzie kwenye kurasa zake.

Urithi wa taifa

Hapa nitapita haraka. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inaruhusu waziri kutangaza mahali kuwa mnara wa kitaifa au eneo linalolindwa, na kaya za Wamijikenda pwani, yaani misitu yao mitakatifu, zilinufaika na utaratibu wa namna hiyo hata zikaingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008. Huku kwetu, desturi na ibada za Kit Mikayi ziliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na Ziwa Nakuru ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 2011. Heshima hiyo huleta wageni na mara nyingine fedha. Lakini orodha ya 2019 inahusu desturi, haimzuii jirani wa Kit Mikayi kuuza ploti, na hadhi ya Ziwa Nakuru haijazuia maji machafu ya mji kuliteremkia. Msemaji katika njia hii ni ofisa wa serikali. Itumieni kama nyongeza juu ya usajili wa ardhi. Peke yake sitaipendekeza.

Uchaguzi kwa hali mbalimbali

Mwenye jiwe, kilima au kichaka kitakatifu ambacho bado kina wazee wanaokijua asajili ardhi ya jamii kwanza, aandike miiko, kisha aombe utambuzi wa urithi. Ikiwa siku moja Bunge litapitisha sheria ya nafsi ya kisheria, ningependa ianzie mahali kama hapo, ambapo mlezi anajulikana na eneo lina mipaka, kabla ya kuingizwa kwenye mto wa kaunti tano.

Mwenye mto unaochafuliwa na kiwanda au machimbo aende kwa Kifungu cha 70, akiomba katika shauri lile lile kwamba mahakama iamuru kuundwa kwa kamati ya walezi yenye watu wa juu na wa chini ya mto, itakayoripoti mahakamani kila baada ya muda. Kwa njia hiyo tunachukua lililo bora katika hukumu ya Atrato bila kusubiri nafsi. Chama cha watumiaji wa rasilimali za maji kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Maji ya 2016 ndicho kinachofaa kutajwa kuwa kiini cha kamati hiyo, kwa kuwa kina wanachama, katiba na hesabu zake, na kikikosa mwakilishi wa wanawake wanaochota maji kiombwe kumchagua kabla ya kwenda mahakamani.

Mto unaofurika, kama Nyando na Nzoia, usiombewe nafsi ya kisheria hadi pale sheria itakapotaja mfuko na kuwakinga walezi dhidi ya madai ya mafuriko. Ninalisema hili nikijua litawavunja moyo baadhi ya marafiki zangu katika harakati.

Ziwa Victoria linabaki peke yake, kwa sababu Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo lake, na nyingine zote ni za Uganda na Tanzania. Hakuna hukumu ya Kisumu itakayoyalinda mafunjo ya Dunga dhidi ya kinachomwagwa ng'ambo. Kuna itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2003 kuhusu maendeleo endelevu ya bonde la ziwa, inayomtaka mchafuzi alipe, na Tume ya Bonde la Ziwa Victoria inayoisimamia ina makao yake hapa hapa Kisumu, mahali ambapo kikundi cha wavuvi kinaweza kupeleka ombi kwa mkono. Mkaazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza pia kuishtaki serikali mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha, ile ile ambayo Juni 2014, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Kenya, iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Serengeti. Sharti gumu ni la muda: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa kufanyika au kujulikana, kwa hiyo vikundi vya fuo viweke kumbukumbu zenye tarehe, picha na sampuli za maji tangu siku ya kwanza samaki wanapoonekana wakielea.